Mhariri, makala yenu ina mchanga ndani

Mhariri, mwangaluka.

Nianze na ukweli hata kama hautakupendeza, hilo gazeti lenu sikulinunua. Nilinunua maandazi manne asubuhi hapa Mwaloni Kirumba, soko letu la dagaa Mwanza, yule mama akanifungia kwenye ukurasa wenu wa afya, nikawa nakula huku nasoma mpaka nikafika kwenye makala ya dawa za baridi yabisi zinavyomaliza ini na figo za watu kimya kimya. Andazi la tatu likanikwama.

Sio kwamba mmeandika uongo, hapana, na hilo ndo linaniuma zaidi. Karibu kila mlichoandika ni kweli, methotreksati inaweza kuumiza ini, prednisoloni inavimbisha uso na kupandisha sukari, dawa za maumivu zinachoma tumbo na figo, yote kweli tupu. Ila sisi wa dagaa tunajua, kuna mtu anakuuzia gunia la dagaa safi kabisa, wakavu, hakuna hata mmoja aliyeoza, ukifika nyumbani ukimwaga chini unakuta kilo mbili tatu ni mchanga wa ufukweni. Dagaa ni wa kweli, uzito ndo wa uongo. Makala yenu iko hivyo hivyo.

Na ningenyamaza, maana mikono yangu yenyewe haipendi kuandika, kama lile karatasi nisingelipeleka kwa mwenzangu. Ndio, mi ndo nilimpelekea, sijifichi. Chanja zetu za kuanikia zimepakana, yeye ni wa Sengerema, ana ugonjwa kama wangu na aliuanza kabla yangu, nikamwambia mayu hebu soma hapa wametuandika. Akasoma, akalikunja, akalifunga kwenye pindo la kanga, hakusema kitu. Kumbe jioni ile ile akaenda kumwaga dawa zote chooni, meto yani hiyo methotreksati, predi yani prednisoloni, foliki, zote. Na hiyo predi alikuwa anameza kila siku mwaka wa tatu huo. Siku ya tano hajaja kwenye chanja, ya sita hajaja, naenda kwake namkuta kajilaza sakafuni anatapika, akisimama anadondoka, watoto wanasema mama ana malaria. Tulipomfikisha hospitali presha ilikuwa imeshuka vibaya. Daktari akatuelezea kwamba mtu akimeza predi muda mrefu, zile tezi zilizokaa juu ya figo ambazo kazi yake ni kutengeneza homoni ya aina hiyo zinalala, zinaona kuna mwingine anawafanyia kazi, sasa ukikata ghafla huna ya dukani wala huna ya kwako. Ndo maana inapunguzwa taratibu, wiki kwa wiki, wengine miezi. Hilo kwenye makala yenu halikuwepo Mhariri. Mistari mitatu tu ingetosha.

Mwenzangu anaendelea vizuri sasa hivi, amerudi. Ila yale maneno "mi ndo nilimpelekea" bado nayasikia usiku.

Sasa nieleze na ya kwangu, maana sitaki mseme huyu anatetea hospitali. Sitetei mtu.

Kwanza hili jina baridi yabisi limetuponza. Ukisema baridi kila mtu anakuambia vaa soksi, usioge usiku, usikae upepo wa ziwa. Mi nilianza kuumwa 2018 na kila mtu, hata mi mwenyewe, tulisema ni baridi ya alfajiri, kwa sababu dagaa zinaingia alfajiri, saa kumi na moja upo mwaloni miguu kwenye maji unagombania ndoo. Kumbe huu wa kwangu ni kinga ya mwili yenyewe imechanganyikiwa, inashambulia ule utando wa ndani ya maungio kama vile ni mdudu kaingia. Unashika mikono yote miwili sawa sawa, vidole pale kwenye vifundo na viganja, na ukiamka asubuhi mikono imekakamaa haikunjiki, kwangu ilikuwa mpaka saa nne asubuhi ndo inaanza kulegea. Saa nne dagaa zimeshauzwa zote. Nilifikia nashindwa kufunga pindo la kanga yangu mwenyewe, nashindwa kushona mdomo wa gunia na ile sindano kubwa, ugali baba watoto anasonga yeye, na anausonga vibaya tunakula tu. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2019 walikuwa watu milioni 18 duniani wenye ugonjwa huu na karibu 70 katika kila 100 ni wanawake, kwa hiyo wanaosema ni ugonjwa wa bibi kizee aliyekaa sana nje waache.

Basi nikaenda duka la dawa. Hakuna aliyenipima chochote, nikasema viungo vinauma nikapewa diklofenaki, dawa ya maumivu, kwenye kile kibahasha kidogo cha kaki, kimeandikwa 1x3, basi. Zikanisaidia. Zikiisha narudi, "nipe zile zangu", napewa. Miaka miwili Mhariri. Katikati hapo mwingine akaniongezea na vidonge vidogo vyeupe akasema hivi ndo kiboko, na kweli vilikuwa kiboko, siku ya tatu niliamka nikapiga ngumi ukutani kwa furaha kwamba ngumi inafungika. Ndo predi hiyo, sikujua jina wala nini. Baadae nimesoma kwamba hata hao madaktari wakubwa ilianza hivi hivi, mwaka 1948 kule Mayo Clinic Marekani kuna mama alikuwa hata kutembea hawezi wakamchoma kotizoni, ndugu yake na hii predi, baada ya siku chache akatoka kwenda kuzunguka madukani, dunia nzima ikashangilia, 1950 wakapewa tuzo ya Nobel. Nyuso zikaja kuvimba baadae. Mimi na yule mama tungekutana tungeelewana sana.

Wangu nao ukavimba, mduara kama mbalamwezi, na shingo kwa nyuma ikaota nundu. Unajua watu wa hapa wakasemaje? "Umenenepa, biashara inalipa!" Nikapewa na mkopo kwenye kikoba kwa sababu ya mashavu. Hakuna hata mmoja aliyesema huyu ni dawa hizo, na mi mwenyewe, nisiwe muongo, nilikuwa napenda kusikia. Ndo hapo naposema madhara mengine huyaoni kama madhara kwa sababu yamevaa nguo nzuri.

Halafu ikaja siku moja, katikati ya 2020, nimekuwa nikipata choo cheusi kama lami wiki nzima nikadhani ni mboga za majani, nikaanguka pale pale kwenye magunia. Kuja kushtuka nina chupa ya damu inaningia mkononi. Tumbo lilikuwa limetoboka kidonda kinavuja ndani kwa ndani, diklo na predi kwa pamoja, na daktari akasema hizo mbili ukizichanganya hatari ya kidonda inapanda zaidi kuliko kila moja peke yake. Kabla ya hapo tumbo halikuwa linaniuma la kunistua. Hakuna kilichopiga hodi.

Sasa nisikilize vizuri hapa maana ndo sababu ya barua yote. Dawa iliyotaka kuniua ni ile ambayo hakuna mtu mwaloni anaiogopa. Diklo! Diklo tunaazimana kama chumvi. Mtu mgongo unauma "una diklo hapo?", anapewa mbili anameza na soda tumbo tupu anaendelea kubeba gunia. Na dawa iliyonirudishia mikono ni ile ambayo nyumba nzima ilikaa kikao kunikataza.

Nilipotoka wodini nikapelekwa kwa daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, akanipima damu, akapiga picha mikono, akanionyesha kwenye ile filamu sehemu ambazo mfupa umeshaanza kulika pembeni kama andazi lililong'atwa na panya. Akasema hii hairudi, tunachoweza ni kuzuia isiendelee. Akaniandikia methotreksati. Akaniambia mwenyewe, kabla sijasikia kwa mtu, kwamba dawa hii inatumika pia kutibu kansa, ila kule wanatumia dozi kubwa sana hadi gramu nzima nzima, kwenye ugonjwa wetu ni miligramu chache, kuanzia 7.5 mpaka isizidi 25, na ni MARA MOJA KWA WIKI. Alirudia hilo mara moja kwa wiki mpaka nikamuona ananidharau. Sikumlaumu baadae, nitaeleza kwa nini.

Nyumbani ikawa vita. Wifi yangu alisema "unameza dawa ya kansa na kansa huna, unaitafuta?" Baba watoto akasema bora turudi kwenye zile za zamani, yani zile zilizonitoboa tumbo, kwa sababu "zile tumezizoea". Tumezizoea! Na mi nilikaa na kile kikopo wiki tatu nzima sijafungua, kikopo kipo juu ya kabati kinaniangalia.

Kilichonifungua sio ujasiri. Ilikuwa ni kukumbuka klorokwini. Mhariri kama una umri wangu na umekulia kanda hii unaikumbuka, uchungu wake unakaa ulimini siku mbili, halafu usiku mwili unaanza kuwasha, sio kuwasha kwa kawaida, unajikuna na gunzi la mahindi, unajikuna na ukuta, bibi yangu alikuwa anatulaza kwenye sakafu ya saruji tupoe. Na bado tulimeza. Kila mzazi wa ufukweni huku alimkaba mtoto pua ameze klorokwini na akajua fika usiku hatalala mtu, kwa sababu alishaona malaria inavyofanya, alishazika. Ilipoachwa mwaka 2001 haikuachwa kwa sababu ya kuwasha, iliachwa kwa sababu malaria ilishaizoea haifi tena. Sasa nikajiuliza, bibi yangu hajasoma hata darasa moja lakini alijua kupima, kuwasha huku, kaburi huku, mi nina kidato cha nne nashindwa nini? Nikagundua nashindwa kwa sababu ugonjwa wangu hauzikwi. Malaria inaua kwa wiki watu wanaona. Huu unakula mkono miaka kumi, hakuna msiba, hakuna turubai, kwa hiyo upande ule wa mizani unaonekana kama hauna kitu wakati una mzigo. Una vidole vinavyopinda visirudi, una kazi iliyokufa, na nimeelezwa hata moyo unapata shida mapema kwa watu wenye ugonjwa huu usiotulizwa. Yule daktari wa Afrika Kusini, Christiaan Barnard, wa kwanza duniani kumpandikiza mtu moyo wa mtu mwingine, 1967, mikono yake ilikuwa na ugonjwa huu huu na mwaka 1983 akastaafu upasuaji. Mikono ile! Sasa kama ile imeshindwa hii ya kushona magunia itabaki?

Makala yenu iliweka madhara ya dawa upande mmoja, upande wa pili hamkuweka kitu kabisa. Ndo mchanga ninaousema.

Nikaanza meto, vidonge vitatu vya miligramu mbili na nusu, ikapandishwa kidogo kidogo sasa nipo sita. Na sitawaficha, ina yake. Mwanzo nilikuwa nameza Alhamisi usiku, Ijumaa naamka kichefuchefu, sasa fikiria kichefuchefu halafu kazi yako ni dagaa mbichi, ile harufu ya alfajiri inapanda puani mi nageukia ziwani natapika wenzangu wanasema ana mimba na umri huu. Nikahamisha ikawa Jumamosi baada ya chakula cha usiku, Jumapili siendi kwenye chanja, nalala, naenda misa ya pili, Jumatatu mzima. Hakuna aliyeniambia nihamishe, nilimuuliza tu daktari inaruhusiwa akasema ilimradi iwe siku hiyo hiyo kila wiki. Nywele zikapungua, nikanyoa zote, napenda hivi. Midomo ikawa inatoka vidonda kwa ndani mpaka nikaongezewa foliki asidi, zile zile za wajawazito, nameza siku nyingine sio Jumamosi. Duka la kwanza nilipoomba foliki yule kijana akaniangalia tumbo.

Pombe nimeacha kwa ajili ya ini, haikuwa shida, naonja tu kwenye harusi zamani. Kwa baadhi ya wavuvi hapa hilo lingekuwa dhara kubwa kuliko yote.

Halafu kuna kipimo. Mwanzoni kila baada ya wiki chache, sasa kila miezi miwili mitatu, damu nzima, ini, figo. Na mi naipanga siku za mbalamwezi, maana mwezi ukiwa mkubwa dagaa haifuati taa na mitumbwi haiingii ziwani, mwaloni kunapoa, sipotezi kitu. Mwenzangu wa Sengerema zamani alikuwa anapoteza siku nzima kwa ajili ya foleni ya kivuko akienda kwao kuona wazazi akirudi kwenye kipimo, tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe Juni 2025 hilo limeisha angalau. Hivi vipimo watu wanavilalamikia, na kweli ni pesa na sindano, lakini mi nimekuja kuvipenda kwa sababu hii: ini likianza kuchoka karatasi ya maabara inasema kabla mi sijasikia kitu, daktari anapunguza au anasimamisha. Mwaka juzi ilitokea, namba zikapanda, tukasimama wiki mbili, zikashuka, tukaendelea na dozi ndogo kwanza. Hilo ndo dhara linalopiga hodi. Lile la diklo halikupiga. Siku hizi nikiambiwa dawa ina madhara swali langu la kwanza ni hilo, linapiga hodi au halipigi, na likipiga nani anasikia. Mfano kwenye meto hii hii kuna moja karatasi ya maabara hailioni, la mapafu, ni nadra lakini ukipata kikohozi kikavu na pumzi inakata usingoje tarehe ya kliniki, unaenda siku hiyo hiyo. Nimemfundisha hadi mtoto wa mwisho.

Na mizani ya kila mtu ni yake, hili nalo mliliruka. Mke wa mdogo wangu ana ugonjwa huu huu, ana miaka 26 na anataka mtoto. Meto kwa mtoto aliye tumboni ni hatari kabisa, inaharibu mimba, lazima uiache mapema, mi niliambiwa angalau miezi 3 kabla hata ya kujaribu. Kwa hiyo yeye kapewa nyingine, sulfasalazini na haidroksiklorokwini, hiyo ya pili ni ukoo wa klorokwini ya bibi yangu, wanampima na macho kwa sababu ikitumika miaka mingi inaweza kugusa macho. Ile ya kwanza inageuza mkojo rangi ya chungwa, siku ya kwanza alipiga kelele chooni tukakimbia wote. Na zipo sindano mpya za wenye hela zinazokaa kwenye friji, hizo kabla hujaanza lazima upimwe TB kwanza maana zinaweza kuiamsha iliyolala, mi sijazifikia na kwa umeme wa mtaani kwetu hiyo friji ni hadithi.

Sasa nije kwenye lalamiko langu la mwisho, na hili silielekezi kwenu, ila nyie ndo mna sauti.

Mwaka jana niliumwa yutiai, ile ya njia ya mkojo, nikaenda duka moja, sitalitaja, nikapewa Septrini, antibayotiki. Hakuna aliyeniuliza unatumia dawa gani nyingine, na mi sikusema, nilijua Septrini ni dawa ya kila siku, watoto wanakunywa, tumeizoea, neno lile lile. Kumbe Septrini na meto ni maadui, zote mbili zinabana foliki hiyo hiyo mwilini, zikikutana uboho unashindwa kutengeneza damu. Siku ya sita mdomo wote vidonda mpaka kooni, siwezi kumeza hata uji, homa, chembe nyeupe za damu zimeshuka, nikalazwa siku tisa. Yule daktari wangu alipokuja wodini hakunigombeza, alikaa tu kwenye kiti akasema "nilikuambia mengi, hili sikukuambia". Nilimheshimu sana siku ile. Ndo nikajua kwamba kupima unaweza kama umepewa vya kupima, mi na akili yangu yote na klorokwini yangu yote lile jiwe la mizani sikuwa nalo.

Na kibahasha. Nimerudi kutoka wodini, baada ya wiki kadhaa nimeruhusiwa kuanza tena, naenda kununua meto duka jingine, kijana mzuri tu, mstaarabu, ananihesabia, anachukua kalamu anaandika juu ya kibahasha "4x1". Mhariri, nne mara moja kwa siku. Kwa wiki nimeruhusiwa nne, yeye ameandika nne kila siku. Mtu akimeza meto kila siku badala ya kila wiki anaweza kufa, na wamekufa watu nchi mbalimbali kwa kosa hili hili, ndo maana yule daktari alirudia rudia. Nilimwambia mwanangu hii ni kwa wiki, akasema "aah samahani mama", akakata na kalamu akaandika "wk". Wk! Mama wa Ukerewe aliyekuja na kibahasha kile atajua wk ni nini? Mi nilijua kwa sababu naumwa mwaka wa ngapi huu. Nikamuomba kalamu nikaandika mwenyewe na vidole vyangu vibovu, JUMAMOSI TU.

Kile kibahasha hakina karatasi ya maelezo, vidonge vinahesabiwa kutoka kwenye kopo kubwa, yale makaratasi yenye maandishi madogo yanabaki dukani au yanatupwa, na hata yakija yameandikwa Kiingereza cha kuchosha. Halafu siku moja gazeti linakuja na kutuorodheshea madhara yote kwa mkupuo, ya kawaida na ya nadra, yanayoua na yanayowasha, kama vile yote yana uzito mmoja. Mtu aliyekaa miaka na kibahasha kisicho na neno akimwagiwa hayo kwa siku moja unategemea afanye nini? Anaenda chooni kumwaga.

Kwa hiyo naomba mambo haya. Mrudie ile makala. Muandike kwamba predi haikatwi ghafla. Muandike kwamba meto ni mara moja kwa wiki na siku iandikwe kwa Kiswahili juu ya kibahasha, Jumatatu au Jumamosi, sio x wala wk. Muandike mtu anayetumia meto aseme kabla hajapewa Septrini. Muandike na diklo, kwa herufi zile zile mlizoandikia meto, maana huko ndo wengi tulipo. Na muandike ugonjwa wenyewe usipotibiwa unafanya nini mikononi, mkitaka picha njooni mwaloni mtapiga picha ya kidole changu hiki cha kati cha kulia ambacho hakikunjiki tena, hicho ni cha ile miaka miwili ya diklo kabla ya meto.

Na kichwa cha habari kiwe kikubwa kama kile cha mwanzo tafadhali. Nyie mnarekebishaga makosa kwenye kona ya ukurasa wa 2 kwa herufi za sisimizi, hapo hata andazi haliwezi kufungiwa.

Naishia hapa, nimeandika siku tatu hii barua kidogo kidogo, na leo ni Jumamosi, ugali umeshaiva, nikimaliza kula nina vidonge vyangu sita.

Ni mimi,
Mama wa dagaa, Mwaloni Kirumba, Mwanza